Tupeane uzoefu: nani amefika maeneo ya Vita vya Kagera na kulala kwa wenyeji upande wa Uganda?

Mwana Kirumba (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba tukusanye hapa simulizi za waliokwenda wenyewe. Sisi wa Mwanza vita vile, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 hadi 1979, tunavijua kwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo", na wengi tunaishia hapo. Naanza mimi.

Nina rafiki wa Masaka, tulijuana kwenye biashara ya samaki. Alinialika kwao siku nyingi. Safari hii niliamua kwenda polepole: Geita, Biharamulo, kisha Kaboya kule Muleba, walikozikwa wanajeshi wetu. Ukipita kati ya safu zile ndipo unajua kila kaburi lina nyumba iliyongoja mtu asirudi. Nikasimama na Kyaka, kwenye daraja. Jeshi la Amin lilivunja la zamani ili wetu wasivuke mto.

Masaka nilipokewa na mama wa rafiki yangu. Matoke, samaki, na chumba cha mgeni kimeshatandikwa. Usiku akasimulia, mwanawe akitafsiri. Mji uliangukia mikononi mwa jeshi letu Februari 1979, baada ya kupigwa mizinga. Kisha askari waliokuwa wameona Kagera ilivyofanywa wakabomoa majengo mengi kwa hasira. Hilo shuleni sikufundishwa. Mama yule anawaita askari wetu bakombozi, na analitamka kwa upendo kabisa. Asubuhi akanipeleka mjini, akanyoosha mkono: "Pale palikuwa na duka la baba yenu." Baba yenu, mimi na mwanawe. Sikuwa na la kujibu zaidi ya kumpa pole.

Bukoba Ndani
Mkuu, pole ya Masaka ni haki yao, lakini usiruke hatua. Bibi yangu alikuwa ng'ambo ya mto Kagera Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipotuvamia. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, na hata kiwanda cha sukari kiliporwa. Alivuka na watoto na nguo za mwilini tu. Anayetaka kwenda alale kwanza upande wetu, Kyaka au Bunazi, awasikilize wazee kabla hawajaisha. Halafu ndiyo avuke mpaka pale Mutukula.

Mwana Kirumba
Nakubaliana nawe. Nitarudi kwa ajili hiyo tu.

Nyegezi Stendi
Kwa wanaojipanga: beba pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viza hatulipi sisi wa Afrika Mashariki. Kwa Waganda usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, mkate, vinatosha. Wasichana wa nyumbani wakikupigia magoti wanakusalimia, itikia kwa heshima, usiwainue. Na habari za vita usiulize wewe siku ya kwanza. Kaa, kula, wataanza wenyewe.

Mama Vitenge
Mimi napita Lukaya kila nikienda Kampala kuchukua mzigo. Mabasi yanasimama, tunanunua kuku wa kuchoma, tunaondoka. Kumbe ndipo palipopiganwa Machi 10 na 11, 1979, Walibya wakiwa upande wa Amin! Siku ya kwanza wetu walirudishwa nyuma, kesho yake wakageuza mambo. Baba yangu mdogo alikuwepo. Safari moja nililala kwa rafiki yangu palepale, nikampigia baba simu. Akauliza kama kinamasi bado kipo. Nikamwambia kipo, matete hadi barabarani. Akaongea muda mrefu kuliko alivyowahi kuongea nasi nyumbani, akawataja wenzake mmoja mmoja. Simu niliiweka spika, mwenyeji wangu naye akasikiliza hadi mwisho. Tangu siku hiyo wanasalimiana wao kwa wao.

Mzee wa Capri Point
Wanangu, msisahau kuwa wageni nao huja kwetu. Mwisho wa Machi 1979 ndege ya Libya, Tupolev, ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Nilipompokea rafiki yangu wa Entebbe na wajukuu zake nilivuka nao kisiwani, tukaketi juu ya mawe nikawaeleza. Mjukuu mkubwa akauliza kwa nini Libya ilitupiga sisi. Babu yake ndiye aliyejibu, siyo mimi. Alianza na mapinduzi ya 1971, Amin alipomwondoa Obote, tukachelewa boti.

Mwana Kirumba
Shikamoo mzee, asante sana. Kuna aliyewahi kulala Mbarara? Nako kulipigwa wakati uleule wa Masaka, na sijapata mtu wa kunielekeza kwa wenyeji.