Kampuni inapata hati safi kila mwaka, kodi haionekani. Mkaguzi wa nje anakagua nini?

Mkulima_Tukuyu: Wadau, nielewesheni. Huku Rungwe kuna kampuni inanunua parachichi zetu, sitaitaja jina. Msimu mzima malori yanapishana, na ghala la baridi la pili limeshaezekwa. Juzi kwenye kikao cha kijiji afisa wao katuambia wanapata hasara mwaka wa nne sasa, kwa hiyo kodi ya mapato ya asilimia 30 haiwagusi, na hesabu zimekaguliwa Dar zikapata hati safi. Hati safi ya nini?

CPA_Uyole: Mkuu, mkaguzi wa nje hajatumwa kutafuta kodi. Anatoa maoni kama hesabu zimefuata viwango na hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Kampuni ikikopa kwa kampuni mama Ulaya, riba ni gharama halali. Sheria yetu imeweka ukomo: deni likizidi uwiano wa 70 kwa 30 na mtaji, riba ya ziada haikubaliwi. Wakiwa ndani ya hapo unataka mkaguzi afanye nini, alie? Halafu tuambiane ukweli, wanaopiga kelele za kodi humu ndio hao hao wanaouza sokoni Mwanjelwa, Mbeya, bila risiti.

Mama_Vitenge: Weee CPA, ishia hapo hapo. Mimi ndiye wa Mwanjelwa. Mashine ya risiti, EFD, iko kaunta, nimenunua kwa hela yangu. Namkatia mteja risiti anaiacha mezani kama ganda la pipi. Leo na mimi nimekuwa mkwepaji sawa na wenye malori?

Mwana_Iringa: Dada, pole, ila usitufiche. Ukiuliza bei huko unajibiwa "na risiti au bila risiti?" Bei mbili. Nimeulizwa mwenyewe nikinunua mabati.

Mama_Vitenge: Mabati nauza mimi? Soma jina langu.

Mzee_Makinikia: Mmesahau 2017? Acacia, wale wa migodi ya dhahabu, walikuwa na wakaguzi wa kimataifa miaka yote, TRA, mamlaka ya kodi, wakaja kuwadai bilioni 190. Kazi hiyo apewe CAG tu, mkaguzi mkuu wa serikali.

CPA_Uyole: Bilioni 190 za dola, mzee, na Acacia walizikana. Mwaka 2019 Barrick, wenye Acacia, wakakubali kulipa dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya Twiga, kampuni ya ubia ya migodi hiyo. Na CAG anakagua serikali na mashirika ya umma, kampuni binafsi hazimhusu.

Mzee_Makinikia: Unawatetea kama umelipwa.

Dada_Mafinga: Mnagombana kwa risiti, kaka wa Tukuyu kaachwa barabarani. Mimi nimekuwa karani wa hesabu kiwanda cha mbao. Wakaguzi wanakuja vijana watatu, wanahesabu magogo, wanatiki vocha, siku ya nne wameondoka. Shida haiko kwao. Iko kwenye makampuni yao makubwa, ambako jengo hilo hilo lina idara inayouza ushauri wa kodi. Nyaraka za siri zilizovuja 2014, LuxLeaks, za mipango ya makampuni kupunguza kodi, nyingi zilitoka PwC Luxembourg, kampuni ya ukaguzi. Wenzao KPMG Marekani walikubali kulipa dola milioni 456 mwaka 2005 kwa kuwauzia matajiri mipango ya kukwepa kodi. Ulaya tangu 2016 wamebana ada za kazi za pembeni zisizidi asilimia 70 ya ada ya ukaguzi, kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, mabenki na bima.

Na jambo moja CPA kalikalia kimya. Mwishoni mwa hesabu kuna maelezo ya miamala na ndugu wa kampuni: kauziana na nani, kalipa ada ya usimamizi kiasi gani. Mkaguzi lazima ayapitie. Parachichi ikiuzwa kwa kampuni dada kwa bei ya kutupa, faida inabaki ng'ambo, wakati kanuni zetu za 2018 zinataka wauziane kama watu wasiojuana. Benki zinachapisha hesabu magazetini kila robo mwaka. Za hawa unazisoma wapi?

CPA_Uyole: "Wanatiki vocha." Dada, ule ni upimaji wa sampuli, una viwango vyake vya kimataifa. Karani wa mbao ananifundisha ukaguzi!

Dada_Mafinga: Karani huyo ndiye alikuwa anawatafutia vocha mlizoshindwa kuziona. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ulirudia mara ngapi?

Mwana_Iringa: 😂😂 Hapo jibu halitoki leo.

CPA_Uyole: Mara moja, somo la kodi. Bado nimefaulu, wewe je?

Mama_Vitenge: Somo la KODI! Na ndiye aliyenisema mimi. Ndaga fijo, nimefarijika.

Mkulima_Tukuyu: Jamani. Dada Mafinga, ukurasa huo kijiji kinaweza kuuomba?

Dada_Mafinga: Ombeni kwa barua kupitia ofisi ya kata, muwaambie mnataka maelezo ya miamala na wahusika wenye uhusiano. Hawalazimiki kuwapa, ila wakikataa mtakuwa na cha kumuuliza mbunge.

Mzee_Makinikia: Mbunge gani, huyu wa sasa? Anzisheni uzi wake, nina mengi.

Mwana_Iringa: Mama Vitenge, nikija Jumamosi nitapata doti kwa bei ya bila risiti?

Mama_Vitenge: Utapata risiti bila doti.