Mjadala: Mhudumu msomi akitukanwa na mteja, kosa liko wapi?

Mleta mada

Wadau, kuna lalamiko linalorudi kila mara na kila mara linaishia kwa watu kurushiana maneno. Mtu ana digrii, pengine mbili, lakini kazi aliyoipata ni ya kaunta, ya kupokea simu za wateja au ya mapokezi. Mteja anakuja na hasira zake, anamfokea mbele za watu, anamwita mbumbumbu. Mhudumu akilisimulia jambo hilo, sentensi ya kwanza huwa: "Na mimi nimesoma kumshinda." Hapo wasikilizaji hugawanyika. Wengine humpa pole kwa kudhalilishwa, wengine humwambia kazi ni kazi, vyeti aviache nyumbani.

Mimi naona pande zote mbili zimekubaliana jambo moja baya bila kujua, kwamba elimu ndiyo kipimo cha nani wa kutukanwa. Ukisema hukustahili tusi lile kwa kuwa una digrii, umesema nini kuhusu mwenzako wa kaunta ya pili aliyeishia shule ya msingi? Yeye alistahili? Analipwa kama wewe, anasimama saa zilezile, na huyo mteja akimalizana na wewe anahamia kwake.

Tuangalie na huu msemo wa "mteja ni mfalme". Ulipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 katika maduka makubwa. Mmoja wa wanaohusishwa na pacha wake, "mteja hakosei kamwe", ni Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake London mwaka 1909 baada ya kufanya kazi miaka mingi kwa Marshall Field kule Chicago. Kwa mnunuzi aliyezoea kuambiwa "ulishanunua, shauri yako", kusikilizwa malalamiko yake kuhusu bidhaa ilikuwa nafuu kubwa. Nafuu hiyo naitetea. Lakini kulalamikia bidhaa ni jambo moja, na kumtukana aliyeiweka kwenye mfuko ni jambo jingine, na sisi tumeruhusu la pili lijifiche nyuma ya la kwanza.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha utafiti kuhusu wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba tabasamu lao ni sehemu ya kazi wanayolipiwa, na kwamba kuzuia hasira saa baada ya saa kunachosha kama kazi nyingine yoyote. Aliwatazama pia wakusanya madeni, ambao wao hutakiwa kuwa wakali. Kwa hiyo hata hisia zako mwajiri anazipangia. Hili halina digrii wala cheti cha msingi, linamwelemea yeyote aliyevaa sare.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeruka upande wa mteja. Nimekuwa supavaiza wa zamu na nimeyaona. Wapo wasomi wanaohudumia kwa kununa, mteja akiuliza swali mara ya pili anajibiwa kama mtoto. Mtu huyo anaona kazi imemshusha, na anayeadhibiwa ni aliye mbele yake. Halafu mteja mwenyewe ameshazungushwa dirisha hadi dirisha, kero yake ni halali kabisa, amekosa tu pa kuitolea.

Na waajiri wanalijua hilo, ndiyo maana wengine wanaogopa waliosoma sana. Mji wa New London, Connecticut, ulimkataa mwombaji wa kazi ya polisi kwa sababu alipata alama za juu mno kwenye mtihani wa uwezo wa akili. Hofu ilikuwa kwamba atachoshwa na kazi na kuondoka baada ya kugharamiwa mafunzo. Alishtaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaukubalia mji.

Mchangiaji wa pili

Mnazungumzia adabu wakati tatizo ni mshahara na vyeti. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza namna mwajiri asiyemjua mwombaji anavyotumia elimu kama ishara ya uwezo wake. Sasa wote wakiwa na ishara hiyo, mwajiri anapandisha kizingiti kwa kazi ileile na malipo yaleyale. Kwenye kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, mwaka 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kudai cheti cha sekondari kisichohusiana na kazi pale kinapowafungia nje wafanyakazi weusi. Tuanze hapo. Kwa nini tangazo la kazi ya kupokea simu linadai digrii?

Mleta mada

La vyeti nakubaliana nalo moja kwa moja, sina la kuongeza.

Kwako supavaiza: mhudumu anayenuna arekebishwe, sitetei kiburi. Lakini umesema mteja amekosa pa kuitolea kero yake. Nani alipanga hivyo? Aliyemweka mtu wa mshahara mdogo mbele, akamnyima uwezo wa kurudisha hela au kubadilisha bidhaa, kisha akamwagiza atabasamu. Mkubwa aliyefanya uamuzi hatukanwi kamwe, hafikiki.

Angalia sheria zinakoelekea. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unagusa ukatili na unyanyasaji kazini, ukiwemo unaotoka kwa watu wa nje kama wateja. Scotland ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwalinda wafanyakazi wa maduka wanaoshambuliwa, kutishwa au kunyanyaswa wakiwa kazini. Tokyo imepiga marufuku unyanyasaji wa wateja kuanzia Aprili 2025, ingawa haikuweka adhabu. Hakuna hata moja inayouliza aliyetukanwa amesoma hadi wapi.

Ninachodai ni mambo mawili. Mhudumu awe na ruhusa ya kusitisha huduma baada ya kumwonya mteja mara moja, bila kukatwa mshahara. Na msimamizi aache kumpa punguzo anayepiga kelele huku aliyepanga foleni kwa utulivu akiondoka bila chochote. Wewe ulipokuwa kwenye zamu, ulimpa nani?

Mchangiaji wa kwanza

Nilimpa anayepiga kelele, ili foleni iende. Agizo lilitoka juu. Hilo la pili nalikubali. La kwanza bado: aliyeanza kazi wiki hii simpi uwezo wa kusitisha huduma, aniite kwanza nije nisikilize mwenyewe.

Mleta mada

Akuite, sawa, ila ukifika simama upande wake hadi ujue kilichotokea. Na usipofika?