Nimefuta folda kwa Shift+Delete, na flashi yenye nakala imefomatiwa. Nianzie wapi?

MchapajiWaKona
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada.

Laptopu ni ya Windows 10, ina SSD ya GB 256. Jana usiku imefutwa kwa Shift+Delete folda yenye ripoti za docx kama 40 na picha. Nakala zilikuwa kwenye flashi ya GB 16, FAT32, nayo imefomatiwa halafu ikatiwa sinema moja ya MB 700. Nimeweka Recuva, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, kwenye laptopu. Majina yote yanaonekana, tena hali imeandikwa "Excellent", lakini nikirejesha, Word inagoma kufungua na picha hazifunguki. Nimekosea hatua, au nitafute programu ya kulipia?

Kibatari
Chomeka flashi, piga chkdsk F: /f, mafaili yatarudi.

WayaMwekundu
Mkuu Kibatari, hapo unampoteza. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa mafaili, siyo kuokoa data. Kwenye flashi iliyotoka kufomatiwa itakuta kila kitu kiko sawa, na ikikuta kasoro itaandika palepale tunapotaka pasiguswe. Mleta uzi, chomoa flashi na usiifungue hata kuangalia.

Tuanze na laptopu, maana hapo jibu ni chungu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Mstari wa NTFS ukisema 0, TRIM inafanya kazi. Maana yake, faili likifutwa Windows inaiambia SSD papo hapo kwamba vipande hivyo havihitajiki, na SSD nyingi baada ya hapo zinarudisha sifuri tupu ukivisoma. Jina linabaki kwenye MFT, lile daftari la NTFS, ndiyo maana Recuva inaliona. Na "Excellent" inamaanisha tu kwamba hakuna faili jingine lililopewa nafasi ile, yaliyomo haikuyapima. Hakikisha mwenyewe: fungua mojawapo ya docx ulizorejesha kwa HxD, programu inayoonyesha baiti tupu za faili. Docx isiyo na kasoro huanza na 50 4B, yaani herufi PK. Ukikuta 00 00 00 mpaka mwisho, hakuna programu ya kulipia itakayokutolea kitu humo. Usitoe hela.

Vinavyoweza kupona kwenye SSD ni vifaili vidogo sana, chini ya baiti 700 hivi, kwa sababu vinakaa ndani ya MFT yenyewe. Ripoti haimo kwenye kundi hilo.

Badala yake pita milango ya pembeni: pipa la OneDrive au Google Drive (siku 30), barua pepe ulizotuma, na kwenye simu folda ya WhatsApp Documents, ndani yake kuna Sent. Watu husahau sana hiyo Sent.

Sasa swali moja kuhusu flashi: kufomati kulichukua muda gani?

MchapajiWaKona
Amri imeleta 0, na HxD inaonyesha sifuri mwanzo mwisho. Flashi ilifomatiwa kwa sekunde chache tu, Quick Format ilikuwa na tiki.

WayaMwekundu
Basi flashi ndiyo tegemeo lako. Bila ile tiki, Windows kuanzia Vista inaandika sifuri flashi nzima. Kwa GB 16 ungesubiri nusu saa au zaidi. Quick Format inasafisha jedwali la FAT (orodha ya mahali vipande vya kila faili vilipo) na folda ya juu, data yenyewe haiguswi. Hasara yako ni zile MB 700 za sinema, na kwa kawaida zimekaa mwanzoni mwa flashi, juu ya mafaili yaliyotangulia kuwekwa.

Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza piga picha (image, yaani nakala kamili ndani ya faili moja) ya flashi yote kwa programu ya Win32 Disk Imager: chagua herufi ya flashi, taja faili kama D:\flashi.img, bonyeza Read. USIBONYEZE Write, hiyo inageuza safari. Unahitaji GB 16 wazi kwenye diski nyingine (hapa D:). Kuanzia hapo flashi weka kando, ufanye kazi na nakala.

Kisha fungua QPhotoRec, programu ya kuokoa mafaili (inakuja pamoja na TestDisk, ni bure), iongeze hiyo img, chagua FAT/NTFS, halafu Whole (flashi nzima) badala ya Free (nafasi tupu pekee). Kwenye File Formats acha zip na jpg tu, la sivyo utazama kwenye takataka. Docx inahesabiwa chini ya zip. Matokeo yapeleke D:, kamwe yasiende kwenye flashi.

JikoLaMkaa
Naongeza kidogo. Ukitaka kujaribu kupata na majina, tumia zana ya Microsoft iitwayo Windows File Recovery (winfr), inataka Windows 10 toleo la 2004 kwenda juu:

winfr F: D:\Okoa /extensive /n *.docx

Kwa FAT32 usitumie /regular. Ila fanya baada ya kupiga ile img, kwa kuwa hii inasoma flashi yenyewe.

Na kwa watakaopita hapa baadaye: flashi ikionekana tupu lakini Properties inasema GB 9 zimetumika, hakuna kilichofutwa. Ni kirusi cha shotikati kimeficha mafaili. attrib -h -r -s /s /d F:\*.* yanarudi, kisha skani.

MchapajiWaKona
QPhotoRec imeleta mafaili 2,300, majina yote ni f0183424 na kuendelea. Docx kadhaa zinafunguka, nyingine Word inasema zimeharibika. Nazichambuaje?

WayaMwekundu
Majina yamekwenda, ila tarehe ziko ndani ya mafaili. Kwenye File Explorer bofya kulia kichwa cha safu, More, ongeza Date last saved na Authors kwa docx, na Date taken kwa picha. Panga kwa hizo.

Zilizoharibika ni zile zilizokuwa vipandevipande. PhotoRec hudhani vipande vinafuatana, na FAT iliyojua mfuatano imefutwa. Usizitupe. Bofya kulia, fungua kwa 7-Zip hata ikilalamika, toa word\document.xml, ifungue kwa Notepad: maandishi yapo katikati ya alama za w:t. Picha za ndani ya ripoti utazikuta word\media.