Mlango umeota malengelenge baada ya kupigwa rangi: kosa la rangi au la fundi?

Mwenye IST: Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya silva, mlango wa nyuma uligongwa na bodaboda nikaupeleka gereji moja huku Mbagala. Siku naichukua ilikuwa inang'aa hadi raha. Masika ilipoanza tu, malengelenge madogo yakaota, na jua likipiga kwa ubavu naona kabisa puti (ule udongo wa kujazia bonde) ilipoishia. Fundi anasema rangi za siku hizi feki. Kweli?

Fundi wa Tanga: Mkuu, rangi inasingiziwa. Toboa lengelenge moja kwa pini. Likitoka maji na chini ukakuta puti, basi puti ililowa. Wengi wanaisugua kwa msasa wa maji ili kukwepa vumbi. Puti inanyonya maji. Ukiifunika kwa praima, ile rangi ya msingi, kabla haijakauka, jua likichoma yale maji yanasukuma rangi juu. Puti husuguliwa kavu. Mimi naanza na msasa namba 80, ule mkali, kutoa umbo, naenda 180, namalizia 320 ndipo napiga praima. Msasa wa maji unasubiri praima ikauke, hapo 800 ruksa.

Huo mpaka unaouona ni kosa jingine. Rangi ya zamani haikusuguliwa ikapotea taratibu, ikaachwa na ngazi. Ukifumba macho ukapitisha kiganja, hutakiwi kuisikia. Kwenye ngazi na mikwaruzo ya msasa wa 80 thina ya kuyeyushia rangi inajikusanya, praima inavimba, halafu inanywea baadaye. Ndiyo maana siku ya kuchukua gari hukuona kitu.

Mdau wa Morogoro: Na vishimo vidogo? Boneti yangu rangi imekimbia kila mahali.

Fundi wa Tanga: Silikoni hiyo, ya dawa za kung'arisha matairi na dashibodi. Ukianza na msasa unaisambaza tu. Futa kwanza kwa dawa ya kutoa mafuta: kitambaa kimoja kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla haijakauka. Petroli usiguse, ina mafuta yake. (Najua wanaitumia, nafuu.)

Mwenye IST: Nimetoboa. Maji, na chini puti. Fundi anataka kupiga koti jingine juu.

Fundi wa Tanga: Kataa, hata akikupigia bure! Avue mpaka bati, atoe kutu kama imeshaanza, puti iwe mpya. Na amwage maji ya kwenye tangi la kompresa kabla ya kuwasha bunduki ya rangi, kwa unyevu wa huko Dar linajaa haraka.