Tupeane uzoefu: sanaa kwa watoto tunaowafundisha nyumbani

Ndugu zangu, habari za majukumu. Sisi tunaishi Mufindi, jirani na mashamba ya chai, na watoto wetu wawili, wa miaka sita na tisa, tunawafundisha nyumbani. Mwaka wa kwanza niliipangia sanaa Ijumaa mchana, baada ya hesabu na kusoma, na mara nyingi muda uliisha kabla hatujaifikia. Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa jingine: binti yangu alichora ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mwili, nikachukua ufutio nikazifupisha mbele ya macho yake, naye hakutaka tena kuchora kwa wiki kadhaa. Jambo hilo bado linaniuma.

Sasa tunachora kila asubuhi kwa dakika kumi, kabla ya somo lolote, kwa vipande vya mkaa na kwenye mgongo wa kalenda za zamani. Tunachora kitu kimoja kilichopo mezani, nami ninachora changu. Juzi kilikuwa kitunguu kilichokatwa katikati, na yule mdogo akaniuliza kwa nini kina vitovu viwili ndani badala ya kimoja. Nimekata vitunguu tangu utotoni, lakini sikuwahi kuliona hilo. Kazi yao siigusi tena, ninauliza tu, "Hapa uliona nini?" Nanyi mnafanyaje?

Baba wa watatu, Mbeya mjini:
Dada, hongera kwa kuwa muwazi. Kwetu rangi za dukani zilikuwa zinaisha haraka, ndipo tukaanza kuzitengeneza. Tunachemsha rozela, tunaigawa kwenye vikombe vitatu, kimoja tunakiacha kama kilivyo, cha pili tunakikamulia limau na cha tatu tunakitia chembe za magadi. Chenye limau huwa chekundu cha kung'aa, na chenye magadi hugeuka kuelekea kijani na buluu. Manjano ya jikoni hutupatia rangi ya njano. Asubuhi hiyo sanaa na sayansi huwa somo moja, na wanangu hawaulizi ni lipi.

Mama wa Iringa:
Mimi nilimpeleka mwanangu kwa jirani yetu anayesuka vikapu vya milulu. Alikaa kimya karibu saa nzima akitazama ncha mbili zinavyopishana, moja mbele ya uti na nyingine nyuma, kisha akagundua mwenyewe kwamba pambo jeusi linajirudia kila baada ya hesabu ileile. Jedwali la kuzidisha lilimwingia kwa njia hiyo. Tulikwenda pia Igeleke kuona michoro ya kale ya watu na wanyama kwenye mwamba, na tuliporudi alisaga udongo mwekundu akachora twiga.

Shangazi wa Kyela:
Huku tuna vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa Matema. Ninaomba tu mzingatie udongo. Uchekecheni mawe, ukandeni mpaka usishike mkono, na mtoto akimaliza kufinyanga mfunikieni kazi yake kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na jua, ikauke taratibu kwa siku kadhaa. Mpwa wangu aliacha kikombe chake juani, kikapasuka, akalia sana; cha pili tulikifunika, na sasa ndicho anachowekea penseli zake.