Naomba ushauri: towncrier inarudia mabadiliko baada ya toleo la dharura

Habari wakuu. Tunatumia towncrier, zana inayokusanya maelezo ya mabadiliko ya programu na kuyaandika kwenye CHANGELOG.md, faili la orodha ya mabadiliko ya kila toleo. Kila badiliko lina kijifaili chake kwenye folda ya newsfragments, mfano 412.bugfix.md, kwa hiyo watu hawagongani tena kwenye CHANGELOG.md. Hilo limetusaidia mno.

Shida ni matawi ya Git ya matoleo ya zamani, tunapotoa toleo la dharura kama 2.3.1. `towncrier build --version 2.3.1` inafuta 412.bugfix.md kwenye tawi la 2.3 tu; main (tawi kuu), iliyokwishatoa 2.4.0, bado inacho kijifaili hicho, na 2.5.0 italiorodhesha badiliko hilohilo upya. Ukileta main komiti ya toleo hilo kwa cherry-pick (kunakili komiti moja kutoka tawi jingine), CHANGELOG.md inagongana hapo juu kabisa, chini ya mstari wa alama ambapo towncrier huingiza sehemu mpya. `towncrier check`, inayokagua kama tawi lina kijifaili kipya, nayo haionyi, maana ikiona CHANGELOG.md imeguswa inaruka ukaguzi.

Mnaunganisha tawi zima kurudi main, au mnafuta kijifaili huko main kwa `git rm` na kunakili sehemu ya 2.3.1 kwa mkono?