MT8870, Goertzel au chipu kamili ya laini: ipi ya kuwashia pampu kwa simu ya mezani?

Fundi Mpunguzi
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina kazi kwenye shamba la zabibu huku Mpunguzi. Ofisini kuna PABX (mtambo wa simu za ndani) ndogo ya zamani, na waya wa simu umeshazikwa mpaka kibanda cha pampu, kama mita 600. Bosi anataka apige ekstensheni ya kibandani, saketi ipokee yenyewe, abonyeze tarakimu, kontakta (swichi ya umeme wa pampu) ivute. Kupokea nimeshamaliza. Kutambua toni ndiko kunakonitoa jasho. MT8870, chipu ya kusoma toni za vitufe vya simu, mezani inasoma kila kitu, nikiichezea toni za simu ya mkononi kupitia waya wa hedifoni. Nikiifunga kwenye laini, mara inashika, mara inaruka. Nihamie Goertzel, ile hesabu ya kutambua toni kwa programu, kwenye Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta), au nitafute chipu inayofanya yote? Mvua zimeshakata huku.

Kijana wa Kikuyu
Goertzel mkuu, bila kupepesa macho. Chukua sampuli 8000 kwa sekunde, fungu la sampuli 205, yaani milisekunde 25.6, kisha pima nguvu ya masafa manane tu: 697, 770, 852, 941, halafu 1209, 1336, 1477, 1633. Kila kitufe hutoa toni mbili kwa pamoja, moja kutoka kila kundi. Arduino ya 16 MHz inaimudu. Uzuri wake unaweza kupima na masafa maradufu pia: sauti ya mtu huwa nayo, toni safi haina. Mtu akiongea kwenye laini, pampu haitawaka kwa bahati mbaya.

Mla Ubuyu
Kuna LM567 pia, chipu ndogo za kutambua toni, zipo hata kwa mafundi redio.

Kijana wa Kikuyu
Kila LM567 inasikiliza toni moja. Utafunga saba, kila moja uipige tyuni kwa rezista na kapasita yake, halafu jua la Dodoma la saa nane liziyumbishe zote. Ndani ya kibanda cha bati? Hapana.

Waya Mbili
Mimi ningechukua Si3210, chipu kamili ya laini. Ina kodeki (inageuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti), inatoa umeme wa laini, inapiga kengele, na kusoma tarakimu imo humo humo.

Bibi Saketi
Waya Mbili, hiyo ni chipu ya upande wa PABX, upande unaolisha simu. Kibandani anahitaji kitu kinachojifanya simu. Hapo angetafuta jozi ya Si3050 na Si3019, nayo inakupa sauti ikiwa tayari namba, lakini kutambua toni utaandika programu mwenyewe. Umezunguka, umerudi kwenye Goertzel.

Fundi, mwanangu, kabla hujatupa chipu: rezista yako ya ukuzaji kwenye MT8870, kati ya pini ya 3 na pini ya 2, ni ya ngapi? Na ile ya kuingilia?

Fundi Mpunguzi
Shikamoo bibi. Ya kuingilia ni 100k. Ile nyingine niliweka 330k, niliikuta kwenye mchoro fulani.

Bibi Saketi
Marahaba. Basi unakuza mara 3.3. Mezani simu ya mkononi ilikuwa inanong'ona, ukuzaji ukakusaidia. Simu ya ofisini inapiga kelele. Pima, kila toni inafika na milivolti ngapi?

Fundi Mpunguzi
Nimeazima osiloskopu. Kila toni ni kama milivolti 300 rms kabla ya chipu.

Bibi Saketi
Kilele cha toni moja ni milivolti 424. Zikikutana mbili, karibu 850. Zidisha mara 3.3: volti 2.8. Chipu ya volti 5 imekaa katikati, kwenye 2.5, kwa hiyo vilele vinakatwa. Wimbi lililokatwa huzaa masafa ambayo hakuna aliyebonyeza, na chipu inakataa kwa haki yake. Halafu kikomo chake ni milivolti 869 kwa kila toni. Wewe unaipa 990. Ungehamia Goertzel na ukuzaji huo huo, ungelaumu programu.

Kijana wa Kikuyu
Nimekubali. Ila mlio wa laini, ule unaosikika kabla ya kupiga, usisahaulike. Vichujio vya MT8870 vinazuia hasa 350 na 440, mlio wa Marekani. PABX nyingi zinalia 425.

Bibi Saketi
Kweli, ila yeye anapokea simu. Wakati anabonyeza, mlio huo haupo.

Fundi Mpunguzi
Nimeng'oa 330k, nimechomeka 100k. Taa niliyofunga kwenye StD, pini inayosema toni imetambuliwa, inawaka kila nikibonyeza, nimejaribu mara hamsini. Ila sifuri inanitolea 1010. Nimekosea nyaya?

Bibi Saketi
Hujakosea. Sifuri kwake ni kumi, na 1010 ndiyo kumi kwa namba za mbili-mbili. Sasa weka varista, kinga ya kumeza umeme wa radi, pale waya unapoingilia kibandani, radi za Desemba hazibishi hodi.

Fundi Mpunguzi
Naagiza Kariakoo leo, zije na basi la usiku. Mlinzi ameniuliza kwa nini nisimpigie tu yeye akawashe.

Mla Ubuyu
Mlinzi naye umlinganishe, mkuu.